Baba Alivyotupeleka Kwenye Mteremko Mweusi

Enyi wazazi, walezi, makapera na wote wenye gari lililofungwa sanduku la mizigo juu ya paa, wekeni chini vikombe vyenu vya chai mnisikilize. Leo nasimama mbele yenu kuutangaza ugonjwa ulioingia katika nyumba zetu za mji wa Kettering, Uingereza, na kuzitafuna kama mchwa. Jina lake ni kupenda sifa. Nasema nasimama, lakini ukweli ni kwamba nimebanwa katika kiti cha nyuma cha gari letu, tukirudi nyumbani kutoka milimani Ufaransa. Mguu wa mama yangu, ulionyooshwa na kufungwa vyuma, umelala mapajani mwangu. Pua yangu iko karibu na soksi za baba yangu, zilizoanikwa dirishani tangu Jumanne na bado hazijaamua kukauka. Zinanuka jibini. Jibini lenyewe limo kwenye mfuko chini ya kiti, nalo linanuka soksi.

Basi sikilizeni jinsi tulivyofika hapa.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, mvua inanyesha taratibu, moto unawaka sebuleni, na nyumba imetulia. Baba, Desmond Threlfall, daktari wa meno, alikuwa ametandaza vijitabu vya safari kwenye zulia. Mama, Rosalind, alikuwa na chai yake. Mimi, Ambrose, nilikuwa natarajia kurudi bwenini baada ya siku chache, ambako huwa nakaa muhula mzima. Ndiyo maana wiki moja ya likizo ya Februari ni kitu kikubwa kwetu. Ndiyo wiki pekee ambayo watu watatu wa nyumba hii hufanya jambo moja pamoja, na jambo hilo ni kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni.

Miteremko hupangwa kwa rangi. Kijani ni ya watoto, bluu ni ya waoga wenye heshima zao, nyekundu ni ya watu wa kati, na nyeusi ni ya mabingwa na wenye wazimu. Wazazi wangu ni watu wa kati. Mama alianza akiwa mtu mzima, kwa woga mwingi, akianguka na kuinuka mwaka hadi mwaka. Mwaka jana aliushuka mteremko mwekundu kutoka juu mpaka chini bila kusimama hata mara moja, akafika akilia na kucheka. Jioni hiyo alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba hajawahi kuwa na furaha kama ile. La pili, kwamba akiogopa tena kama alivyokuwa akiogopa zamani, ataziuza skii zake na sisi tutaendelea bila yeye.

Baba naye hujiita mtu wa kati anayeelekea kwenye ubingwa. Amekuwa akielekea huko tangu kabla sijazaliwa.

Palikuwa na miji miwili ya kuchagua. Mmoja ni Saint-Aubrac, wenye miteremko mipana ya bluu na nyekundu inayopita katikati ya misitu, na barabara unayoweza kuipanda kwa gari bila kuandika wosia. Mjomba Crispin, kaka yake Mama, aliutaja wakati wa chakula cha Krismasi. Mwingine ni Grands Vents, juu kabisa, mahali ambapo hata mti umekataa kuota, wenye miteremko myeusi mingi na kona za barabara zilizopinda kama utumbo. Baba alikuwa ameukazia macho huu wa pili. Alikuwa amesikia kwamba Mjomba Crispin anamfanyia dhihaka juu ya utelezaji wake. Maneno hayo yalimfikia kwa njia ambayo si lazima tuijadili hapa.

"Ros mpenzi," akasema Baba, "wewe ungependa twende wapi?"

"Mimi popote tu, Desmond. Amua wewe."

Msomaji, mimi ni Mwingereza na nitakufasiria lugha yetu. Kwetu sisi mtu akisema popote tu, ana mahali pake moyoni, na yuko radhi afe kabla ya kupataja. Mwenzake anatakiwa abembeleze, aulize tena na tena mpaka jina litoke lenyewe. Kila mtu analijua hilo. Baba analijua. Lakini mtu mwenye kiu ya sifa husikia anachotaka kusikia.

"Basi tumekubaliana. Grands Vents," akasema.

Mama aliikoroga chai yake kwa muda mrefu. Haikuwa na sukari.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilitia kinyaa. Baba alimsimamisha jirani yetu, Bwana Pettifer, kwenye ua wa michongoma kila asubuhi na kumwelezea miteremko ambayo hajawahi kuiona. Alitembea jikoni amekunja magoti, akiinama kushoto na kulia, huku mkate wa siagi umemjaa mdomoni na makombo yakimtoka. Nilipokuja nyumbani Februari nikamkuta akifanya hivyo hivyo ndani ya nguo za ndani za sufu, ambazo zimemkaa kama ganda la soseji. Sitaendelea.

Tukalipakia gari makopo ya maharage na majani ya chai, kwa sababu Baba hawaamini Wafaransa katika mambo hayo mawili, tukapita chini ya bahari, gari likiwa limebebwa ndani ya treni. Baba hujivunia kuendesha bila kusimama, kana kwamba kuna mfalme anayetungoja na nishani. Mayai ya kuchemsha yaliliwa madirisha yakiwa yamefungwa. Usukani wa gari letu uko kulia, na Ufaransa vibanda vya ushuru viko kushoto, kwa hiyo Mama ndiye aliyejitokeza dirishani kila kibanda, mvua ikimlowesha mkono. Na tulipoanza kupanda mlima, kwa kuwa huko magari hupita kulia, yeye ndiye aliyekaa upande wa katikati ya barabara, mabasi yakimshukia usoni kwenye kila kona. Alikuwa amefumba macho. Baba akamwuliza kama yuko salama, naye akasema yuko sawa kabisa. Hiyo pia ni lugha yetu.

Theluji ilipokuwa nzito, Baba akatoa kwa fahari minyororo ya kufunga matairi yasiteleze. Ilikuwa ya gari letu la zamani. Aliivuta, akaibembeleza, akaitukana, akaipiga teke. Haikuingia. Tuliliacha gari kijijini tukapanda basi na mizigo yetu, makopo ya maharage yakigongana miguuni pa abiria wenzetu.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa mkali. Mteremko mwekundu pekee wa upande wetu ulikuwa umefungwa, nami nilidhani tungekunywa chokoleti ya moto na kucheza karata kama binadamu. Baba alituongoza kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupanda mpaka kileleni. Huko juu palikuwa na nguzo nyeusi kando ya shimo, na shimo hilo ndilo lililokuwa mteremko wenyewe. Alinipa simu nimpige picha ameegemea nguzo, kidevu juu, kamasi imeganda kwenye masharubu. Akamtumia Mjomba Crispin picha hiyo hapo hapo, kabla hata hajaushuka huo mlima. Kisha akashuka, kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, akapotelea kwenye ukungu.

Mama hakusogea. Nilisimama pembeni yake.

"Ambrose," akasema polepole, "nishike mkono."

Nikamwambia twende kidogo kidogo, kwa ubavu. Alijaribu. Nataka mjue kwamba alijaribu. Skii yake moja ilinasa kwenye barafu, mwili ukageuka, goti halikugeuka. Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika. Watu wa uokoaji walikuja na sleji, machela ya kuburutwa kwenye theluji, wakamfunga ndani yake kama mzigo wa posta, kitambaa mpaka puani, wakamteremsha. Mimi nikafuata nyuma kwa mbali.

Chini, Baba alikuwa amewakamata Waholanzi wawili, akiwasimulia jinsi mteremko ulivyomjaribu na jinsi alivyoushinda. Sleji ikapita mbele yake. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Masikini," akawaambia wale Waholanzi. "Kuna watu hawajui uwezo wao."

"Ni mimi, Desmond," sauti ikatoka kwenye kitambaa.

Nimesoma shule ya bweni tangu nikiwa mdogo. Nimekula ini la kijivu, nimelala chumba kimoja na mvulana anayekusanya kucha zake. Sijawahi kuona kitu kilichonichefua kama uso wa baba yangu wakati ule, sifa zikimshuka kama rangi mbichi kwenye mvua. Daktari alisema Mama atatembea vizuri. Alipoulizwa kuhusu kuteleza, alitazama nje dirishani.

Hapa ndipo nilipokusudia kumalizia, na funzo langu nilikuwa nimekwisha kulipanga kichwani, funzo tamu, lote likimhusu Baba. Lakini sasa hivi simu ya gari imelia, na sauti ya Mjomba Crispin imejaa humu ndani.

Kwanza alimpa dada yake pole. Kisha akamgeukia Baba.

"Shemeji, picha yako nimeiona. Mimi nilikwambia Saint-Aubrac. Nilikwambia Ros ataelea kule kama jani. Wewe ukampeleka dada yangu kwenye ukuta wa barafu."

"Ulitaka niende Saint-Aubrac baada ya maneno yale?"

"Maneno gani?"

"Kwamba nateleza kama mtu anayesukuma toroli la dukani. Kwamba Saint-Aubrac ndiyo saizi yangu."

Mjomba akaguna.

"Shemeji, mimi nikitaka kukutukana nakutukana usoni, ili niione raha yake. Nani kakuletea hayo?"

Macho ya Baba yalinitafuta kwenye kioo, yakanipata. Simu ikakatwa. Mvua ikaendelea.

"Ambrose," akasema Mama. Hakupandisha sauti. "Ni wewe?"

"Ndiyo, Mama."

Nikasema yote. Siku ya Krismasi nilikuwa nikifuta sahani na Baba, nikamwambia kwamba Mjomba anamcheka. Mjomba hakuwa amesema lolote ila lile la jani. Toroli na saizi niliongeza mimi, kwa sababu masikio ya Baba yakiwa mekundu yanafanana na taa za breki, na nilitaka kuyaona. Bwenini utani kama huo huisha kabla ya uji wa asubuhi. Huu ulikuwa na miguu, ukatembea mpaka mlimani.

"Ile Jumapili," akasema Mama, "uliniona nikikoroga chai?"

"Nilikuona."

"Na ulijua nilitaka wapi."

"Nilijua."

Tumefika kwenye kibanda cha ushuru, na kwa kuwa kiti cha mbele kushoto hakina mtu tena, Baba ameshuka, amelizunguka gari kwenye mvua, amechukua tiketi, amerudi ameloa. Hajaondoa gari. Magari ya nyuma yanapiga honi.

"Ros," akasema bila kugeuka, "ulitaka twende wapi?"

Nilingoja aseme popote tu.

"Saint-Aubrac," akasema Mama. "Nilitaka Saint-Aubrac, Desmond. Toka mwanzo."

FUNZO

Unapochagua mji wa kuteleza, pima kwa miguu ya yule anayeogopa kuliko wote garini, wala si kwa mdomo wa yule anayejisifu. Chagua barabara ambayo gari lako linaiweza, na minyororo ijaribu uani kwako kabla ya safari. Mtu akikwambia popote tu, mwulize tena.

Hayo yote ni kweli, na yanamhusu Baba. Lililobaki linanihusu mimi. Nimewaandikia kurasa nzima nikimchukia mtu mwenye kiu ya sifa, na aliyemmiminia chumvi mdomoni ni mimi. Nilijua Mama anachotaka, ningeweza kukisema kwa neno moja, nikanyamaza kwa sababu mchezo ulikuwa bado unanoga. Soksi za Baba bado zinanuka, lakini si hizo zinazonuka kuliko vyote humu ndani. Mguu wa Mama ni mzito, umenitia ganzi mapajani. Sijamwomba ausogeze, na sitamwomba.