Gogo Juu ya Mguu wa Kimeli

Jepkemboi alimaliza kukama akamkuta mumewe, Kimeli, akifunga maksai kwenye mkokoteni. Shule ya jirani pale Kapseret ilikuwa inajenga darasa la nane kwa harambee. Kila boma lilipaswa kuleta gogo moja la mti wa blugamu. Lao lilikuwa tayari juu ya mkokoteni, limefungwa kwa kamba moja.

"Kamba moja haitoshi, Baba Chebet," alisema.

"Shule ni hapo tu. Gogo litatorokea wapi?"

Walishuka mteremko wakitembea kando ya maksai. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa matope. Ghafla gurudumu likaingia shimoni. Mkokoteni ukasimama, lakini gogo halikusimama. Lilikata kamba, likateleza mbele, likaanguka juu ya mguu wa Kimeli na kumlaza chini.

Kimeli hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, na uso wake ukawa kama majivu. Ukimya huo ulimtisha Jepkemboi kuliko kilio. Akapiga mayowe hadi koo likamkauka.

Lazarus, ndugu ya Kimeli, alifika mbio na wanaume watatu. Wakashika gogo kwa mikono.

"Haraaambee!"

"Heee!"

Gogo likainuka kidogo. Mikono ikateleza na gogo likarudi palepale. Sasa Kimeli alipiga kelele.

"Tena! Haraaa—"

"Wacheni! Mnamponda!"

Alikuwa Mwalimu Musimbi, jirani yao, akienda shuleni kwa baiskeli. Aliitupa kando ya njia.

"Mwalimu, hapa si darasani," Lazarus alifoka. "Hapa ni nguvu."

"Nguvu mnayo. Mahali pa kuiweka ndipo msipopajua. Leteni mti mrefu wa lango, jiwe na vipande vya kuni."

Lazarus alisukuma ncha ya mti chini ya gogo. Akaweka jiwe chini ya mti, karibu na miguu yake mwenyewe. Akakandamiza mpaka shingo ikavimba. Gogo halikutikisika.

Musimbi alilisukuma jiwe kwa mguu hadi karibu kabisa na gogo. "Hili jiwe ni egemeo. Likae karibu na mzigo, na wewe ukae mbali. Upande wako ukiwa mrefu, nguvu kidogo inainua kitu kizito. Hiyo ndiyo nyenzo. Jepkemboi, shika ncha ile."

"Huyu?" Lazarus alishangaa. "Shemeji hafikii hata uzito wa gunia la mahindi!"

"Nyinyi wenye misuli mtamvuta Kimeli. Shika, mama!"

Jepkemboi alishika. Nikiteleza, nitamuua kwa mikono yangu mwenyewe, aliwaza. Akalala juu ya mti kwa uzito wake wote.

Gogo likainuka. Polepole, lakini likainuka.

"Usiachilie!" Musimbi alisukuma vipande vya kuni chini ya gogo. "Sasa likirudi litakalia kuni, si mguu. Vuteni!"

Wakamvuta. Jepkemboi alibaki ameng'ang'ania mti, macho ameyafumba, hadi Musimbi alipomfungua vidole kimoja kimoja.

"Ametoka, Jepkemboi. Achilia."

Mguu ulikuwa umevunjika, lakini matope laini yaliuokoa usisagike. Walipokuwa wakingoja gari la kumpeleka hospitali mjini Eldoret, Jepkemboi aliuliza, "Mkokoteni ulisimama. Mbona gogo liliendelea?"

"Kitu kikiwa kwenye mwendo huendelea, mpaka kitu kingine kikizuie," Musimbi alijibu. "Shimo lilizuia gurudumu. Gogo lilihitaji kamba za kulizuia. Moja ilikatika."

Jepkemboi alimtazama mumewe. Kimeli aligeuza uso.

Kimeli alirudi nyumbani na plasta hadi gotini. Jumamosi gogo lilipelekwa shuleni. Hakuna aliyelibeba. Waliegemeza mbao mbili kwenye mkokoteni zikawa mteremko, wakalivingirisha juu taratibu, kuni zikifuata nyuma lisirudi.

Jepkemboi alifunga kamba ya kwanza. Akafunga ya pili, akaivuta mpaka kiganja kikauma. Lazarus alichukua fimbo aswage maksai.

"Ngojeni!" Kimeli aliita kutoka mlangoni, akiegemea magongo yake. "Mama Chebet, funga ya tatu."