Taa Usoni pa Benino

Benino hakuwepo.

Katika pango la Noeli la kanisani, juu ya mwamba wa kuigiza uliotengenezwa kwa magome ya mti, pale alipojilaza kila Noeli tangu Don Rafele akiwa na nywele nyeusi, palibaki alama tu kwenye nyasi kavu: alama ya mwili mdogo uliojikunja ubavu. Inspekta Nunzia Iovine aliinama akaitazama, kama mama anavyotazama kitanda cha mtoto aliyeamka kabla yake.

Sanamu nyingine zote zilikuwa mahali pake. Mamajusi na lulu zao za kweli. Malaika na mabawa ya nyuzi za dhahabu. Muuza jibini, mfua nguo, ng'ombe, punda.

"Mwizi mjinga huyu," Koplo Manzo alisema. "Kaacha lulu, kachukua udongo."

Don Rafele, msakristia, mtunzaji wa kanisa dogo la Wasokota Kamba, akamgeukia taratibu.

"Wewe kijana mama yako ni wa wapi?"

"Avellino."

"Ndiyo maana."

Katika vichochoro vile vya Napoli, Benino hakuwa sanamu kama sanamu nyingine. Huyu mchunga kondoo mdogo ndiye aliyelala, na pango zima ni ndoto yake. Malaika anawaota yeye, Mamajusi anawaota yeye, hata Mtoto aliye horini. Akiamshwa, ndoto inakatika na pango linatoweka. Wanawake wakipita mbele yake na watoto wao hushusha sauti bila kuambiwa. Na sasa kesho ni mkesha wa Noeli, nyasi ni tupu, na nje wageni wa nchi zote wamejipanga kichochoro kizima, wanakula pizza za kukaanga, wanasubiri kuingia kupiga picha.

"Mara ya mwisho ulimwona saa ngapi, Don Rafele?"

"Wakati wa misa ya mchana. Alikuwepo."

"Na baada ya misa?"

"Nilikwenda kunywa kahawa."

"Ulikaa muda gani?"

"Kahawa ni kahawa, Nunziatella. Marehemu mama yako asingeniuliza swali kama hilo."

"Mlango uliufunga?"

"Niufunge vipi? Watu wanatoka mpaka Norwei kuja kumwona."

Koplo Manzo alikuwa amepiga magoti, anapaka unga wake kwa brashi. Alama za vidole zilijitokeza kwenye shingo ya taa iliyosimamishwa kando ya mwamba: vidole vyembamba, vingi, juu ya vingine. Kwenye gome la mwamba alikuta uzi wa sufu, rangi ya buluu. Akautia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Taa hii ni ya lini?" Nunzia aliuliza.

"Mpya. Padre kainunua mwaka huu, wageni waone vizuri. Lakini ina shetani wake. Nikitoka kidogo, nikirudi naikuta imegeukia ukutani. Nairudisha. Kesho yake tena. Jana nikachoka, nikaifunga kwa waya."

Waya ulikuwa bado umekazwa. Na taa ilikuwa bado inawaka, nyeupe, kali, ikimulika shimo tupu.

Nunzia aliitazama kwa muda. Kuna kitu kilimgusa, kikapita, hakukishika.

* * *

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Don Alfonso Cuomo, muuza sanamu wa kichochoro cha pili. Mwaka uliopita alijitokeza mbele ya watu akataka kumnunua Benino.

"Ulikuwa wapi mchana, Don Alfonso?"

"Nilipo sasa. Muulize mke wangu, hajaninyamazia tangu asubuhi."

"Ulimtaka Benino."

"Nani hamtaki?"

"Basi nipe sababu nisipekue duka lako."

"Pekua, binti. Utapata vumbi." Aliweka chini sanamu ya mwokaji aliyokuwa anaipaka rangi mashavu. "Nikimwiba yule nitamuuza kwa nani? Hapa kila mtu anaijua sura ile. Ni ya mtoto wa Aniello."

"Aniello yupi?"

"Aniello Ruotolo, fundi wangu wa zamani. Mikono ile haitarudi tena. Mwanawe Mimì alikuwa analala popote, juu ya magunia, chini ya meza ya kazi. Siku moja baba akachukua udongo akamwiga vilevile, mdomo wazi kidogo, mkono chini ya shavu. Baridi ya mwaka huohuo mtoto akaugua homa ya kichwa, akafa. Aniello akampeleka Benino kanisani, hakutaka kulipwa. Hakukaa sana, naye akamfuata."

"Na mama?"

"Filomena? Alihamia kaskazini, Torino, kwa dada yake. Sijamwona tena." Akachukua brashi yake. "Mimi nikimwiba mtoto wa Aniello, mkono huu ukauke."

Nunzia alimwamini. Hilo halikumsaidia kitu.

* * *

Jioni alipita nyumbani mara moja tu, kumnyonyesha Nino. Mtoto alikuwa na miezi saba na alikuwa hajui kulala. Alinyonya, akalegea, macho yakaanza kufumba.

Mama mkwe akaingia na sahani ya tambi, akabonyeza swichi ya taa ya juu.

"Utakula gizani kama panya?"

Nino alikunja uso. Kabla Nunzia hajafikiri, mkono wake ulikuwa umekwisha panda wenyewe, ukasimama juu ya macho ya mtoto kama paa dogo.

Akabaki hivyo. Akautazama mkono wake.

"Mama," alisema polepole. "Mtu akiikuta taa inamulika mtoto aliyelala, anafanya nini?"

"Swali gani hilo? Anaigeuza."

"Na ikiwa imefungwa, haigeuki?"

Mama mkwe alizima taa, akaiweka sahani gizani. "Basi anamwondoa mtoto," alisema.

Nunzia alikwisha shika simu. "Don Rafele. Kuna mtu aliyewahi kukulalamikia ile taa?"

"Kulalamika? Hapana. Labda yule bibi wa kaskazini. Anakuja kila Noeli, anapiga magoti mbele ya pango, hata Mtoto hamtazami. Aliniomba niizime. Nikamwambia, mama, udongo hauna macho."

"Akasema nini?"

"Alinitazama tu." Kisha sauti ikashuka. "Nunziatella, nimefanya nini?"

"Anafikia wapi?"

"Kwa mjane wa kona, juu ya duka la pizza za kukaanga."

* * *

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizobanwa nyuma. Koplo Manzo alivuta pumzi aanze kujitambulisha kwa cheo. Bibi akaweka kidole mdomoni pake.

"Taratibu, mwanangu. Amelala."

Chumbani mapazia yalikuwa yamefungwa. Katikati ya mto, amefunikwa shali ya sufu ya buluu mpaka kidevuni, alilala Benino. Mkono chini ya shavu. Mdomo wazi kidogo.

Mahojiano yale yalifanyika kwa kunong'ona, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Manzo mwenyewe alinong'ona.

"Wewe ni Donna Filomena Ruotolo?"

"Ndiye mimi."

"Ulimchukua lini?"

"Baada ya misa. Yule wa kahawa alipotoka."

"Ulimbebaje?"

"Kama mtoto anavyobebwa. Kichwa begani. Nimepita katikati ya wageni, hakuna aliyeniuliza."

"Unajua hili ni kosa? Sanamu ile ni mali ya kanisa. Wewe unaweza kufungwa."

"Najua, binti yangu. Sikupanga kumpeleka Torino. Ningemrudisha kesho asubuhi, mbele yao wote, kisha mfanye mnachotaka. Nilitaka tu apate usiku mmoja wa giza."

Nunzia alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa uangalifu, mto usitikisike.

"Mwanao alikuwa hapendi mwanga?"

"Mimì alikuwa analala popote, lakini si penye taa. Baba yake akifanya kazi jioni, nilitundika shali hii mbele ya taa." Aliigusa sufu. "Alipougua, wodini taa ilikuwa juu ya uso wake mchana na usiku. Haikuwa inazimwa, kulikuwa na wagonjwa wengine. Akawa ananiambia, mama, zima. Nikamwambia sasa hivi. Mama, zima. Sasa hivi, baba. Niliweka mkono wangu machoni pake, hivi, mkono ukachoka nikabadilisha. Amekufa chini ya ile taa, nami namwambia sasa hivi."

Manzo aligeukia dirisha, ingawa pazia lilikuwa limefungwa na hapakuwa na cha kuona.

"Kila Noeli napanda treni nije nimwone amelala salama," bibi aliendelea. "Ndiyo Noeli yangu, sina nyingine. Mwaka huu nafika, nakuta wamemwekea taa usoni. Nikaigeuza. Wakairudisha. Nikaomba. Nikaambiwa hana macho." Akamtazama Nunzia. "Una mtoto?"

"Miezi saba."

"Basi niandikie maelezo, nitie sahihi. Sitakana hata neno."

Nunzia hakutoa kalamu. Alikunja vizuri ncha ya shali iliyoteleza begani pa Benino.

"Kwanza mbebe wewe," alisema. "Mimi sitaki kumwamsha."

* * *

Waliingia kanisani kwa mlango wa pembeni, wakati wapiga zumari wa milimani wanamaliza novena, sala za siku tisa kabla ya Noeli, za jioni ile na watu wanatoka. Don Rafele alikuwa amesimama mbele ya pango, kofia mkononi. Alipomwona bibi alisogea mbele. Akamshika mkono akamsaidia kupanda kipandio.

Filomena alimlaza mwanawe kwenye nyasi, juu ya alama yake ileile, na shali yake.

"Don Rafele," Nunzia alisema, "uliripoti wizi."

"Mimi?" Msakristia alikunja uso, amekosewa heshima. "Nilisema hayupo. Nani kasema kaibiwa? Koplo, wewe ulisikia wizi?"

"Mimi mama yangu ni wa Avellino," Manzo alijibu. "Mambo ya huku siyaelewi."

Nunzia alichomoa plagi ya taa ukutani, akaizungusha balbu mpaka ikatoka, akaitia mfukoni mwa koti. Pango likabaki na mishumaa yake tu. Kivuli kikashuka taratibu usoni pa mtoto.

"Hiki ni kielelezo," alisema. "Kitakaa kituoni mpaka upelelezi ukamilike."

"Utakamilika lini?" Don Rafele aliuliza. "Padre ataniuliza."

"Mwambie ni kesi ngumu. Inaweza kuchukua Noeli nyingi."

Filomena alikuwa bado juu ya kipandio. Aliinama mpaka midomo yake ikakaribia sikio la udongo.

"Tayari, baba," alinong'ona. "Mama kazima."

Nunzia alitembea kurudi nyumbani katikati ya umati wa wageni. Mfukoni balbu ilikuwa bado ina joto, akaifunika kwa kiganja.