Anayemwangalia Yussuf

Chumba cha juu kilinuka udi, na nyumba nzima hakuna aliyechoma udi. Ghanim akamtazama mama mkwe wake, Bi Mwanakheir, aliyekuwa akichagua mchele ukumbini, akajisemea: ni yeye huyu, kachoma kwa siri. Tangu wahamie nyumba hii kongwe ya mtaa wa Malindi, bibi kang'ang'ania kuwa chumba kile kina mwenyewe, mtu asiingie bila hodi. Ghanim, mtu wa kompyuta, apige hodi chumba kitupu? Alimlaza mwanawe, Yussuf, mle, akafunga na kamera.

Alasiri Faiza, mkewe, akapiga simu kutoka kazini Mbweni.

"Picha imekatika. Simuoni Yussuf."

"Nshakwenda kumtazama, kalala. N'naitengeneza."

Akakaa mbele ya kompyuta yake ya Linux, inayorusha picha za kamera. Huduma inakwenda, poti yake, tundu la kupitishia picha, inasikiliza. Akiomba picha pale pale kwenye kompyuta, inakuja. Akiomba kwa simu, kimya. Basi anayezuia ni fayawoli, mlinzi wa mlangoni wa kompyuta. Akaifungua. Mlikuwa na amri ambayo hakuiandika yeye: wote wazuiwe, isipokuwa anwani moja ya kifaa cha humu humu ndani.

"Mama, umegusa kompyuta yangu?"

"Mie hata simu n'nawashiwa na wewe, baba."

Hakumwamini. Akaifuta amri. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi mbele ya macho yake, na alipoitafuta ile anwani hakukuta kifaa chochote nyumbani kinachoitumia, lakini kumbukumbu za kompyuta zikaonyesha kuwa kitu hicho kisichokuwepo kinamtazama mtoto sasa hivi, na kimemtazama tangu usiku wa kwanza waliolala humo, na harufu ya udi ikawa inashuka ngazi, na juu kitanda cha mtoto kikawa kinalia kwi, kwi, na kwenye picha kinakwenda na kurudi wala hapana mtu anayekisukuma.

Ghanim akapanda mbio. Mlango aliouacha wazi umefungwa. Akausukuma, haukwenda.

"Hodi," akanong'ona.

Kitanda kikanyamaza.

"Karibu," ikajibu sauti ya kike, taratibu, ya mtu aliye kwake. "Wewe umepiga hodi. Wanaochungulia kwa mbali nshawafungia."

"Nipe mwanangu. Mamaake yuko Mbweni, anamtaka."

"Mamaake n'nae hapa," ikasema sauti. "Kampakata. Huyo wa Mbweni ni nani?"