Uso wa Shemegi Nyuma ya Waya

Niwieni radhi mapema, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Kazi yangu mie ni kuchekesha watu harusini, na mchekeshaji akijaribu kutisha huwa kama kima aliyevishwa kanzu: kanzu unaiona, lakini macho yako yote yako kwenye mkia. Basi mkiuona mkia, vumilieni. Mkia haufichiki.

Mwaka 2006 nilinunua kamera sokoni Ruwi, huku Oman. Ndogo, inaingia mfukoni, lakini ukibonyeza kidude chake cha juu pua inatoka... inatoka... mpaka unaona haya kuitazama mbele ya watu. Zumu mara kumi na mbili! Muuzaji alinionyesha nzi aliyetua juu ya ukuta ng'ambo ya barabara, nikahesabu miguu yake. Nikalipa palepale. Hakuniambia kuwa siri haikuwa kamera. Siri ni kwamba yule nzi alikuwa katulia.

Tangu siku hiyo sikupata picha hata moja ya maana. Bibi harusi mmoja wa Fanja nilimtoa ana macho matatu. Mjomba wangu nilimpiga juu ya ngome ya Nizwa, akatoka kama moshi wa ubani. Mke wangu Shukriya akasema, "Nadhir, kamera yako hii haipigi watu, inapiga majini." Tukacheka. Wallahi tulicheka sana.

Basi alasiri moja dada yangu Mabruka akaniita kwake Ibra. Alikuwa amekaa eda. Mumewe Hamdun alirudi kutoka soko la mifugo la Sinaw akiwa na homa, na alfajiri alikuwa maiti. Mie mwenyewe nilikuwa katika waliomwosha. Miezi minne ilikuwa inamalizika.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekula?"

Aliusogeza mto wake karibu yangu, akanong'ona:

"Kaka, Hamdun hakufa."

Nikageuka kuutazama mlango kama umefungwa.

"Hashil kamwona," akasema. "Anachunga mbuzi kwenye shamba moja nyuma ya Sinaw, jangwani. Kamwona mara mbili."

Hashil ni rafiki yetu, anaendesha boza la maji, anayapelekea maji mashamba ya mbali. Watu wao walirudi huku kutoka Kigoma, na ana mengi ya kusema, lakini si mwongo.

"Mabruka, mwanangu, nilimwosha kwa mikono yangu hii."

"Uliosha ulichoonyeshwa."

Huku Oman kila mzee ana habari ya watu waliofichwa. Mchawi akitaka mtumishi, humwua mtu machoni mwa watu. Nyie mnaosha, mnasali, mnazika, mnakula wali wa hitima. Kumbe mwenyewe yuko pahala anachunga mifugo ya watu, hana akili wala jina. Kwetu Unguja husema kinachozikwa huwa mgomba. Huku labda ni gogo la mtende, sijui, kaburini sikuchungulia.

"Zimebaki siku tisa," Mabruka akasema. "Nikitoka eda, nimekubali kuwa ni maiti. Na kutoka nje kwenda kumtazama siwezi, eda hainiruhusu. Nenda wewe na kamera yako inayovuta mbali. Niletee uso wake. Nikimjua, nitamtafuta wa kumtoa, hata niuze dhahabu yote niliyonayo."

"Nitapiga zile alama za shingoni." Hamdun alichomwa chuma cha moto utotoni, dawa ya wazee wa huku kwa maradhi ya manjano. Mistari mitatu.

"Alama za chuma hata ngamia anazo. Nataka uso, kaka. Na usimwite jina. Ukimwita, anayemmiliki anasikia."

Nikaahidi. Mdomo wangu huu, nikauahidia ukimya!

Kesho yake baada ya alasiri tulikuwa njiani, mie na Hashil, kwa gari yangu. Tukaipita Sinaw, tukaliacha soko na mbuzi wake, lami ikaisha, tukaingia kwenye mchanga.

Kilichotangulia ni harufu.

Huku watu huwalisha mifugo dagaa wakavu, hilo tumelizoea. Hii haikuwa dagaa tu. Ilikuwa dagaa waliorowa, wakaoza, wakarowa tena. Ilikuwa na utamu ndani yake... utamu wa kitu kilichokufa juani. Nikafunga kioo. Nikakuta tumeifungia ndani.

"Ndiyo hapo," Hashil akasema. "Zima injini, bana. Gari ikitetemeka na picha inatetemeka."

Palikuwa na uzio wa seng'enge, kama hatua kumi mbele yetu. Ndani, mbali, hatua themanini hivi, zizi la makuti na kibanda cha mabati. Mbuzi wengi. Hawakulia hata mmoja. Mmeshapata kuona mbuzi mia wamenyamaza?

Na katikati yao, mtu. Kainama, katupa mgongo.

Nikaitoa kamera. Pua ikatoka. Nikavuta mpaka mwisho. Kwenye kioo nikaona... shati la buluu likirukaruka kama limeshikwa na degedege. Mikono yangu hiyo. Nikabonyeza. Ukungu. Nikabonyeza tena. Safari hii kamera ikaamua kilicho muhimu duniani ni seng'enge: waya ukatoka safi, kutu yote inahesabika, na nyuma yake doa la buluu.

"Weka juu ya kitu," Hashil akanong'ona. Akatoa garini gunia dogo la mchele alilonituma Shukriya asubuhi, akaliweka juu ya boneti. Nikailaza kamera kama mtoto. Nikaitafutia tundu la waya. Nikaiwekea ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, kidole changu kisiitikise. Afadhali. Waya ukatoweka. Lakini jua lilikuwa linakwenda, na gizani kamera hizi hufungua jicho polepole. Kila alipojitingisha yule mtu, alitoka na vichwa viwili. Picha ishirini. Picha thelathini. Chenga tupu.

Katika picha ya thelathini na kitu, nikaona shingo. Mistari mitatu.

"Ni yeye," Hashil akasema.

"Anataka uso."

Basi yule mtu akageuka kidogo, ubavu, nami nikaona alilokuwa akilifanya. Laiti nisingekuwa na zumu! Macho ya kawaida yangeniambia ni mchungaji anakula chakula chake. Zumu iliniletea mpaka puani.

Palikuwa na mbuzi aliyetoka kuzaa. Mtoto kalala mchangani, hajakauka. Na yule mtu alikuwa ameshika kondo la nyuma kwa mikono miwili... linaning'inia, linadondoka... naye anakula.

Hakuwa na pupa. Alitafuna taratibu, kama mtu mstaarabu aliyekaribishwa. Nzi walikuwa wakimwingia mdomoni na kutoka. Alipochoka kutafuna, alichota dagaa wale waliooza kwenye ndoo, akakoleza.

Nikatapika kando ya tairi. Hashil akanipiga mgongo.

"Piga picha twende, Nadhir. Maghribi hiyo."

"Hatulii! Hageuki!"

Na hapa ndipo mkia ulipotoka nje ya kanzu. Miaka ishirini jukwaani nimejifunza jambo moja: ukitaka mtu ageuke na atulie, mwite ghafla kwa kile anachokipenda. Nikajidai mjanja. Nimekatazwa jina, sivyo? Jina sikulitaja. Nilimwita nilivyomwita siku zote tangu alipomuoa dada yangu, kwa Kiswahili chetu, katika jangwa ambalo hakuna mtu wala mbuzi anayekijua.

"Shemegi!"

Mbuzi wote wakainua vichwa.

Yule mtu akageuka. Akatulia.

Sijapata kumwona aliyetulia hivyo mbele ya kamera. Hapepesi macho, hapumui. Sekunde moja. Mbili. Kamera ikalia... *ta*. Picha ikatokea kwenye kioo, safi kama maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani. Kope zinahesabika.

Alikuwa Hamdun. Alikuwa ananicheka, kile kicheko chake cha upande mmoja, na kidevuni kitu chekundu kinaning'inia.

Nilipoinua uso, alikuwa anakuja. Nami, sijui kwa nini, nikaenda. Tukakutana kwenye waya.

Harufu... jamani. Ilikuwa na uzito. Ilinikaa juu ya ulimi.

"Shemegi," akasema. Sauti ileile, lafudhi ileile ya mamake, ya Malindi ya Unguja. "Umechelewa."

Nikaushika waya kwa vidole viwili.

"Mabruka katoka eda?"

"Bado."

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

"Mwambie asitoke." Akaupenyeza mkono wake kwenye tundu la waya. "Mwambie nipo."

Mkono ukabaki hapo, kiganja juu, unangoja.

Hashil alikuwa nyuma yangu, ananong'ona mbio mbio: "Mshike! Wazee wanasema ukimshika mkono ndugu yako na usimwachie, mwenye kumfuga anakuwa hana nguvu tena. Mshike, Nadhir!"

"Mshike wewe!"

"Mimi si ndugu yake, bana! Wewe ndiye shemeji!"

Nikautazama ule mkono. Ulikuwa na utelezi wa damu mpaka kwenye kifundo. Nywele za mbuzi zimeganda juu yake. Na chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na kitu cheupe, chembamba, kinajikunja, kinajikunjua.

Niliuinua mkono wangu. Wallahi niliuinua. Ulifika karibu, nikalihisi joto lake, maana alikuwa na joto, maiti hawana joto. Kisha kile cheupe kikajikunja tena. Nikaurudisha mkono, nikaufuta kwenye kanzu.

Nao haukuwa umegusa kitu.

Alikiona kile kitendo. Akautazama mkono wangu ukijifuta, akautazama wake. Kile kicheko kikazimika polepole, kama taa ya mafuta.

"Nanuka, ee?" akasema.

Nyuma ya kibanda mtu akapiga mluzi. Mfupi tu, kama wa kumwita mbwa.

Hamdun akauvuta mkono wake ndani ya waya. Akarudi kwa mbuzi, akainama. Hakugeuka tena.

Njiani Hashil alilia. Mie nilikuwa nimeishika kamera, naitazama ile picha moja. Nikavuta zumu ya ndani, nikaukaribia uso, nikakikaribia kidevu. Kila nilipoitazama, ile harufu ilirudi garini, na madirisha yote tulikuwa tumeyafungua. Nikamfikiria Mabruka anaishika picha ile. Nikamfikiria anauza dhahabu zake, anatafuta wa kumtoa, anamtoa. Kisha? Anamkalisha mezani? Anampa sahani gani? Anamlaza wapi?

Nikajiambia ni kwa ajili yake. Maneno mazuri hayo. Jukwaani ningeyapigiwa makofi.

Tulipofika Ibra alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Hakusalimia.

"Umemwona?"

"Nimemwona mtu."

"Ndiye?"

Hashil aliinama akatazama viatu vyake. Nilikuwa nimeshamwapisha.

"Siye," nikasema. "Mtu tu, mchungaji. Anafanana naye kwa mgongo."

"Nionyeshe."

Nikampa kamera. Akazipitia zote, moja moja. Ukungu. Waya. Chenga. Shati la buluu lenye vichwa viwili. Kwenye picha ya shingo alisimama kwa muda mrefu, lakini hata mistari nayo, ukiitazama kwa macho ya mtu mwingine, ilikuwa chenga.

"Huna hata moja iliyotoka, kaka?"

"Hakuna."

"Kamera yako mbovu."

"Mbovu kweli."

Siku ya nane akatoka eda. Akaoga, akapaka hina, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka miezi yote minne. Hashil alirudi kule na boza lake wiki ile ile. Uzio upo, kibanda kipo, mbuzi hakuna, na mchanga wa zizini umefagiwa, hauna hata alama ya kwato.

Watu wenye akili niliowasimulia wana majibu. Wananiambia alikuwa kibarua tu, labda mtu wa Pemba aliyepotelea huko kutafuta riziki, kasikia Kiswahili akafurahi, na huyo angemwita kila mtu shemegi. Huenda. Nataka sana iwe hivyo. Ila dada yangu jina lake sikulitaja mie pale, wala Hashil hakulitaja, na eda hatukumwambia.

Na msilaumu kamera. Wala huyo mchawi, kama yupo, msimlaumu peke yake. Hamdun mara ya kwanza tulimzika watu zaidi ya hamsini, tukatoa jasho, tukapokezana majembe. Mara ya pili nilimzika peke yangu, ndani ya gari, kwa kidole gumba. Kamera ikaniuliza kwa adabu kabisa: una hakika unataka kuifuta? Nikabonyeza ndiyo.