Mkanda wa Kiti cha Tatu

Mkanda wa kiti cha tatu ulikuwa umefungwa. Kila walipotua, rubani msaidizi, msichana ambaye kapteni wake alimwita Binti, aliufungua, na kila aliporudi kutoka kujinyoosha aliukuta umefungwa tena, umekazwa kiunoni pa mtu asiyekuwepo. Kiti hicho kiko nyuma ya viti vya marubani wawili. Ni cha mkaguzi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kupanda ndege ile. Siku hiyo Binti alikigusa. Kilikuwa cha moto.

"Kapteni, nani kakaa hapa?"

"Jua tu hilo," Kapteni akasema huku akisugua macho. "Njoo ukae, twende."

Jua gani, na pazia lilikuwa limeshushwa? Lakini Kapteni hakuwa na nguvu za kubishana. Hiyo ilikuwa safari yao ya nne tangu alfajiri, jana yake ilikuwa hivyo hivyo, na juzi hakumbuki.

Aliyewapanga hivyo alikuwa mkuu wa safari. Marubani walimwita Bwana Ratiba, na hata jina hilo lilikuwa heshima kubwa kuliko aliyostahili. Bwana Ratiba hakurusha ndege, alirusha watu. Alikoroma usiku kucha, akanywa chai yake taratibu, kisha akaja ofisini kuwafundisha wenzake kwamba usingizi ni mazoea tu, mtu akiamua anaacha. Mtu mzima na akili zake alisema hivyo mkutanoni, na wapo waliompigia makofi.

Sasa, marubani wana sheria moja. Anayeachia usukani husema, "Ndege ni yako." Haachii mpaka mwenzake amtazame usoni na kujibu, "Ndege ni yangu." Marubani wa Bwana Ratiba walikuwa wameacha kutazamana siku nyingi. Walitamka huku macho yamekwisha kufumba, wakasubiri jibu kwa masikio tu.

Mchana huo walikuwa juu ya mawingu, abiria tisini nyuma yao. Kapteni akasema, "Ndege ni yako." Akajibiwa kwa upole, "Ndege ni yangu." Akalala.

Kilichomwamsha ni harufu ya mto wa mgonjwa, ule ulioloa jasho ukakauka ukaloa tena, na alipofumbua macho akamwona Binti kalala, kichwa begani, mdomo wazi, na usukani ukigeuka wenyewe, taratibu, bila mkono juu yake, na mbele ya kioo hakukuwa tena na mawingu bali vilima, miti yake inaonekana mmoja mmoja, inawajia, na nyuma ya shingo yake mtu alikuwa anapumua pumzi ndefu za mtu aliyeshiba, pumzi za moto zilizomlowesha ukosi wa shati.

"Ndege ni yangu!" akapiga kelele. Akauvuta usukani. Ukakataa. Akauvuta tena kwa mikono yote miwili, miguu ikisukuma sakafu, ndipo ukaachia, ndege ikapanda huku abiria wakilia nyuma ya mlango.

Binti akazinduka. "Kapteni, mbona umelala? Si nilikukabidhi, ukajibu?"

"Mimi ndiye niliyekukabidhi wewe," Kapteni akanong'ona. "Wewe ndiye uliyejibu."

"Sikujibu, wallahi."

Nyuma yao mkanda ukafungwa: ka!

Walipotua wakaenda moja kwa moja kwa Bwana Ratiba. Hawakuomba makubwa, waliomba kulala tu. Kapteni alimsimulia habari za aliyejibu nyuma yao, akamwambia wazi kwamba wakipanda tena vile walivyo wataua watu.

"Jini!" Bwana Ratiba akacheka mpaka akashika tumbo. "Marubani wa siku hizi bwana! Uvivu ukikosa jina, mnauita jini."

Lakini habari zilikwisha fika kwa wahudumu, nao wakagoma kuingia ndani ya ndege ile. Basi akaitwa mganga, mama mmoja mwenye miwani na mkoba. Mama akanusa kiti cha tatu, akatoka haraka.

"Huyu hakutumwa na mtu," akasema. "Mmempa wenyewe. Watu wamesema 'ni yako' na hakuna aliyekuwa macho kupokea, akapokea yeye. Walaze hawa. Akikosa wa kumkabidhi, ataondoka."

"Yaani nimekuita uje kuwaandikia likizo? Hata dereva wangu angeweza dawa hiyo. Fukiza, mama, uende zako."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akafyonza, akaondoka bila kufukiza.

"Kesho kiti hicho nakaa mimi," Bwana Ratiba akasema. "Na asiyeruka, asirudi kazini."

Kapteni angekataa. Lakini Binti alikuwa na mama wa kumlisha, angepanda tu, na angepangwa na mwingine aliyechoka zaidi. Akapanda naye.

Asubuhi Bwana Ratiba akaketi nyuma yao, kanyoa, kanukia, kajifunga mkanda. Marubani walikuwa wametoa macho kwa hofu, wakitazamana kwa kila neno. Mawingu yakapita. Hakuna kilichotokea, na jamaa akachoshwa na ukimya.

"Liko wapi hilo jini lenu?" akasema kwa dharau. Akaunyooshea mikono ukuta mtupu. "Haya, jini! Ndege ni yako! Zote ni zako, chukua!"

"Mkuu, usiseme hivyo!" Binti akalia.

Akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, na harufu ya mto wa mgonjwa ikajaa chumba kizima, ikawaingia mpaka kooni, na pumzi zile ndefu zikaanza nyuma yao, zikaja na kurudi, zikaja na kurudi, na hakuna kati yao aliyethubutu kugeuka mpaka magurudumu yalipogusa ardhi.

Bwana Ratiba akajifungua mkanda, akashuka bila neno. Binti akakigusa kiti. Kilikuwa baridi. Harufu imekwisha.

"Limeondoka, Kapteni!" Akamkumbatia mzee wa watu, wote wawili machozi yakawatoka. Wakaenda ofisini kuaga wakalale.

Mlangoni Kapteni akasimama. Ile harufu ilikuwa humo ndani.

Bwana Ratiba alikuwa mezani, kanyooka, macho yamewakodolea wala hayapepesi. "Saa moja ijayo mnaruka tena," akasema kwa upole. Kapteni aliijua sauti ile.

"Mkuu, tumechoka."

"Ndege zote ni zangu."

Wakarudi nyuma mpaka kwa katibu wake, aliyekuwa akiandika nje ya mlango. Kapteni akamshika mkono, akamuuliza kwa kunong'ona kama hajaona mabadiliko yoyote kwa mkuu wake.

"Mabadiliko gani?" katibu akasema bila kuinua kichwa. "Si ndiye yuleyule."