Uzi Mwekundu Kwenye Pazia la Moto

"Pazia la yule mama limeachia kiwandani… limemwangukia mtu!"

Uvumi huo niliusikia bombani, ndoo haijajaa. Jamani, yule mama ni mimi!

Mimi hushona mapazia ya kukinga cheche. Na kifungua mimba wangu anachomelea vyuma kiwandani humo humo.

Nikatoka mbio, ndala mguu mmoja!

Nikamkuta mwanangu zahanati, bega limefungwa bandeji.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Ajali tu, mama. Nililivuta mwenyewe."

Wapi! Mchawi wangu nilimjua: muuza vitambaa. Nikapitia kiwandani, nikabeba lile pazia hadi dukani kwake.

"Umeniuzia feki! Mwanangu kaungua!"

"Shemeji, punguza sauti, wateja wanasikia."

"Wasikie! Ndicho kilichonileta!"

Akawasha kichomeo cha gesi, akakielekeza kwenye kitambaa. Ni nyuzi za kioo zilizopakwa silikoni. Kikafuka moshi, kikapauka… hakikutoboka!

"Kitambaa ulichagua vizuri. Nionyeshe mshono."

Mshono uko wapi? Matundu matupu, na vidonge vyekundu vilivyoyeyuka.

"Ulishonea uzi gani, shemeji?"

Nikabandua kidonge kimoja kwa ukucha…

Nailoni. Ule wa mabegi. Niliupendea wekundu wake, unavyong'aa kwenye kitambaa cha kijivu! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Nikarudi kwa mwanangu.

"Ulijua?"

"Niliuona uzi ukidondoka kama nta."

"Sasa mbona ukasema umelivuta?"

"Ningetaja uzi, nani angekupa kazi tena? Wamenisimamisha kazi tu, mama. Sijafa."

Jamani… mtoto kabeba kosa langu kwa bega lililoungua!

Nikaenda kwa msimamizi wa kiwanda.

"Aliyekosea ni mimi. Mrudishe mwanangu. Na mapazia yangu yote yashushwe leo hii!"

Mwanangu karudi kazini. Mimi hawaniiti tena, na silalamiki. Ila akivaa nguo isiyo na mikono, naangalia pembeni.

Wenzangu mnaoshona vya moto, acheni:

– Uzi wa nailoni. Ulizeni uzi wa kioo au wa chuma.

– Kununua kitambaa kabla hujauliza kitawekwa karibu na moto kiasi gani.

– Kugeuza upande wa silikoni. Uelekee cheche.

– Kuchagua kwa sababu kinapendeza. Moto hauna macho!

– Kwenda kumfokea mtu dukani kabla hujakagua mshono wako mwenyewe.