Karavani ya Watu Wawili

"Des! Des, njoo uone! Kuna choo!"

Sauti ya Bronwen ilitokea dirishani mwa karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, wateja wengine wa yadi wakageuka. Mwanamke wa miaka sitini na moja, mpishi mstaafu wa shule kule Ballarat, alikuwa akirukaruka kama binti aliyenunuliwa viatu vipya.

"Choo chetu wenyewe, mzee wangu! Hakuna tena kukanyaga umande na tochi mdomoni! Na kitanda! Mama wee, kitanda hiki mtu unageuka bila kumpiga mwenzio kiwiko!"

Jacinta, muuzaji wa yadi ile ya karavani mjini Toowoomba, alicheka.

"Mama, hata jiko bado. Hebu vuta hiyo droo."

Bronwen akavuta droo. Akapiga kelele upya.

Nje, Des Kowalczyk hakucheka. Alisimama ameegemeza mkono mmoja kwenye ubavu wa karavani, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa akiizungumzia siku hii tangu walipokutana kambini Karumba. Wakati ule Bronwen alikuwa mjane mwenye hema la kuvutwa na gari, naye Des mjane mwenzake, dereva wa malori marefu aliyestaafu, akilala juu ya pikapu. Bronwen alimkaribisha samaki wa kukaanga. Tangu usiku huo, kila alipopiga hema, asubuhi alikuta pikapu ya Des ubavuni. Wakazunguka hivyo misimu miwili, kila mmoja na turubai lake, mpaka Des mwenyewe akasema: "Bron, tunajidanganya. Tununue karavani moja, tulizunguke bara zima, tusipange siku ya kurudi."

Bronwen akauza hema. Nyumba ya Ballarat akaipangisha. Na leo ndiyo leo.

"Umegandia nini hapo? Ingia!"

"Ni kubwa mno, Bron."

"Kubwa? Si wewe uliyesema ndogo itatubana?"

"Nilisema. Sasa nasema ni kubwa."

Bronwen akashuka ngazi taratibu. Furaha ilikuwa bado usoni, lakini imeanza kutikisika.

"Basi tutazame ile ya pale."

"Hema lilikuwa na ubaya gani? Tumelala kwenye turubai wakati wote huo, tulikufa?"

"Tulikaribia! Mvua ya Emerald umeisahau? Si ulikuwa unachota maji kitandani kwa sufuria, wewe?"

Jacinta akajifanya anapangusa kioo.

"Niambie ukweli, Des. Usiyoitaka ni karavani, au ni mimi?"

Des akatazama pembeni, upande wa barabara.

"Nunua wewe. Mimi nimebadili mawazo."

Akageuka akaenda zake kwa miguu. Kwenye geti akajikwaa kwenye koni ya plastiki, akayumba, akajiweka sawa, hakutazama nyuma.

Bronwen alibaki katikati ya yadi, aibu imemjaa hadi masikioni. Aliporudi kwenye kibanda walichopanga katika kambi ya wasafiri, begi la Des halikuwepo. Simu ikalia mlio wa ujumbe.

*"Nimepanda basi la Brisbane. Usinisubiri. Sijawahi kuota moto mmoja na mtu mzuri kuliko wewe. D."*

Akapiga. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akaandika: *"Mwoga mkubwa wewe."* Akafuta. Akaandika: *"Nimekukosea nini?"* Hiyo nayo akaifuta. Akachemsha maji ya chai, akasahau kuweka majani, akanywa maji moto hivyo hivyo.

Alasiri simu ikaita. Namba ya Tamsin, binti yake Des. Wawili hawa hawakuwa wamezoeana. Bronwen siku zote alidhani binti yule anamwona kama mwizi wa baba.

"Bron, ni Tamsin. Mmegombana?"

"Muulize baba yako. Yeye ndiye aliyenitupa katikati ya yadi ya watu."

"Amefika hapa, amekaa barazani, hasemi. Kuna jambo nataka nikuulize. Pikapu yake alikwambia imekuwaje?"

"Giaboksi imekufa. Ndiyo maana aliiacha kwako."

Tamsin akashusha pumzi.

"Giaboksi haina neno. Asubuhi nimeenda sokoni na pikapu hiyo hiyo. Tatizo ni macho, Bron."

"Macho ya nani?"

"Ya baba. Katikati kumeingia ukungu, na daktari kasema hautaondoka. Pembeni anaona, mbele ndiyo hivyo. Amekatazwa kushika usukani maisha yake yote. Amenikataza nisikwambie, lakini mimi siwezi kumtazama akijimaliza."

Bronwen akakaa chini. Sasa akakumbuka namna Des alivyoacha kutangulia barabarani, akawa anafuata taa za gari la Bronwen. Namna alivyoacha kusoma magazeti na kusingizia miwani.

"Sasa kwa nini anikimbie? Mimi nilimpendea macho?"

"Kaendesha malori kati ya Darwin na Adelaide maisha yake yote. Anasema kazi yake kwenye karavani ile ilikuwa kuvuta. Kama havuti, basi yeye ni mzigo. Anasema wewe ulishamuuguza mume mmoja, hatakufanya uuguze wa pili."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo."

"Tamsin."

"Naam."

"Usimwambie kama tumeongea. Na usimwache atoke hapo nyumbani."

Bronwen alirudi yadini kwa kasi, hata mlango wa gari hakuufunga vizuri.

"Jacinta! Naichukua!"

"Mzee amekubali?"

"Mzee hajui. Nifundishe kuivuta."

Jacinta alimtazama juu mpaka chini. "Umewahi kuvuta kitu cha ukubwa huu?"

"Nimewahi kuvuta hema. Na nimewahi kuongoza jiko la watoto mia nne wenye njaa. Leta ufunguo."

Kwenda mbele hakukumsumbua. Kurudi rivasi ndiko kulikomtoa jasho. Alikata usukani kulia, karavani ikaenda kushoto. Akakata kushoto, ikamgeukia kama mbuzi anayegoma kuingia bandani. Akagonga pipa. Akagonga pipa lile lile mara ya pili.

"Mama, shika usukani chini!" Jacinta alipiga kelele huku akicheka. "Unakotaka nyuma iende, mkono wako wa chini uende huko huko! Polepole!"

"Polepole ndiyo nini tena? Sijawahi kuijua!"

Lakini kabla jua halijaelemea magharibi, karavani ilikwishaingia kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Bronwen akapiga honi ndefu, akapiga kofi usukani, akapiga yowe. Jacinta akamkumbatia kupitia dirishani.

Kesho yake asubuhi alishuka mteremko wa Toowoomba na gia ndogo, mikono imekauka usukanini, malori yakimpumulia kisogoni. "Subirini!" aliyapigia kelele kwenye kioo. "Nimebeba nyumba!" Alipofika tambarare alikuwa anaimba.

Mtaa wa Tamsin ulikuwa mwembamba, magari yameegeshwa huku na huku, na mwisho wake ni ukuta wa shule. Bronwen aliuona ukuta ule akiwa ameshaingia. Hakuna pa kugeuzia. Njia ilikuwa moja tu, kurudi rivasi mpaka ndani ya geti la Tamsin.

Akakata. Akakosea. Karavani ikalala katikati ya barabara, imeziba mtaa mzima. Nyuma gari moja likapiga honi, kisha la pili.

"Simama! Simama hapo hapo, utakula nguzo!"

Aliijua sauti ile. Des alikuwa ameshuka barazani na soksi, anakuja huku akipapasa ukuta wa karavani kwa kiganja.

"Ni nani mjinga aliyekuuzia usukani, dereva? Kunja kushoto! Kidogo! Nimesema kidogo, si kunyonga kuku!"

Bronwen akatoa kichwa dirishani.

"Nani unamwita mjinga?"

Des akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Bron?"

"Ulimtarajia nani? Malkia?"

"Umeinunua?"

"Nimeinunua. Niambie nikunje wapi, watu wanapiga honi."

"Bron, mimi siwezi..."

"Tamsin ameniambia kila kitu."

Honi zikaendelea. Des hakuzisikia.

"Basi unajua. Sioni mbele. Hata sasa hivi ninakusikia, lakini uso wako umepotea. Kuna doa tu mahali ulipo."

"Na kona ya karavani unaiona?"

"Kona naiona. Vya pembeni naviona."

"Basi nielekeze kwa pembeni! Rivasi yote si pembeni? Mbele nitatazama mimi."

Taratibu Des akazunguka nyuma, akasimama pale kioo kinapomwona, akainua mkono.

"Haya. Njoo. Njoo. Kula kulia. Njoo... Simama. Mbele kidogo, inyooshe. Sasa rudi. Njoo, njoo, weka, weka..."

Mlango wa jirani ukafunguka. Dereva wa gari la nyuma akashuka, akasahau kukasirika, akasimama kutazama. Karavani ikateleza mpaka mdomoni mwa geti, kati ya nguzo mbili.

"Simama!" Des alipiga kelele, na safari hii sauti ilikuwa na kicheko ndani yake. "Umeingia, mwanamke wewe! Karibu nusu nzima umeingia!"

Bronwen akashuka. Akamkabili.

"Kwa hiyo ulitaka kunikimbia ili usiniumize."

"Nilitaka usibaki na kipofu mikononi."

"Mume wangu aliugua, nikamtunza, na ningemtunza tena. Hilo si jeraha, Des. Jeraha ni kuachwa yadini mbele ya watu bila kuambiwa kwa nini."

"Nisamehe."

"Sijamaliza. Uso wangu unapotea, sivyo?"

"Unapotea."

"Ukitazama kando je?"

Des akageuza kichwa, akalitazama sanduku la barua la jirani. Akakaa hivyo muda. Midomo ikaanza kucheka yenyewe.

"Nakuona. Una grisi shavuni."

"Basi uwe unanitazama hivyo hivyo, kama mwizi. Panda, tumalizie kuingiza nusu iliyobaki, watu wanataka kupita."

"Nipande kama nani? Sivuti, siendeshi. Abiria?"

"Kama mume wangu, mjinga mkubwa wewe!"

Barazani Tamsin akaziba mdomo kwa mikono miwili. Dereva wa gari la nyuma akaenda kwenye gari lake akapiga honi, lakini sasa ilikuwa honi ya harusi.

Walifunga ndoa kwenye mji mdogo wa Winton, safari ikiwa bado changa, chini ya kivuli cha turubai la karavani. Tamsin aliendesha pikapu ya baba yake kutoka Brisbane, keki ameifunga mkanda kiti cha mbele. Jacinta alikuja na pipa dogo jipya kama zawadi, watu hawakuelewa kwa nini bibi harusi alicheka mpaka machozi. Wasafiri wa kambi nzima walileta viti vyao na bia zao, vumbi jekundu limewafika magotini.

Mfungishaji ndoa, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akafungua kitabu chake.

"Bwana harusi, mtazame bibi harusi machoni."

Des akavua kofia. Akageuza uso taratibu mpaka akawa anatazama tangi la maji lililokuwa mbali kule, pembeni kabisa. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja akamgusa mwenziwe kwa kiwiko.

Mfungishaji ndoa akakohoa. "Bwana Kowalczyk, bibi harusi yuko huku."

"Mwache," Bronwen alisema, mikono yake ndani ya mikono ya Des, uso unang'aa. "Endelea kusoma, dada. Ananiona."